Kapteni kaalikwa Las Vegas kwa wadukuzi: aende, na abebe simu gani?

"Mimi ni kapteni katika jeshi la Kenya, upande wa mawasiliano, miaka kumi na mmoja kazini. Kampuni moja ya Nairobi inayouza vifaa vya kulinda mitandao imenialika Las Vegas mwezi wa Agosti, kwenye Black Hat na DEF CON, mikutano mikubwa ya wadukuzi na walinzi wa mitandao. Watalipa tiketi, hoteli na kiingilio. Rafiki yangu kazini ananiambia nichukue likizo yangu ya mwaka niende kimya kimya, nijiandikishe kama mshauri wa kompyuta, kwa sababu wadukuzi wakijua mimi ni mwanajeshi watanifukuza ama wataniwinda. Mwingine anasema simu yangu itadukuliwa kabla sijatoka uwanja wa ndege, kwa hivyo nibebe mulika mwizi tu, ile simu ndogo ya tochi. Natamani sana kwenda, sijawahi kukaa na watu wanaofanya kazi hii nje ya kambi. Lakini sitaki kupoteza kamisheni yangu kwa safari ya wiki moja. Unanishauri vipi?"

Kapteni, nimeisoma barua yako mara mbili. Wadukuzi hawakunishtua. Kilichonishtua ni maneno uliyoyapita mbio: "Watalipa tiketi, hoteli na kiingilio." Simu tutaifikia, na nina mengi ya kusema juu ya hiyo mulika mwizi. Lakini tuanze na huyu anayelipa.

Kampuni inauza vifaa vya kulinda mitandao, nawe ni afisa wa mawasiliano. Leo pengine huna kauli yoyote kwenye zabuni. Kesho utawekwa kwenye kamati ya kukagua vifaa, ama mkubwa wako atakuuliza tu mkiwa mnakunywa chai, "Hawa jamaa wakoje?" Hapo ndipo tiketi yao itakapodaiwa. Hawatakuomba jambo kubwa. Watataka tu uwasemee vizuri kidogo. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa kupokea zawadi kutoka kwa mtu ambaye maslahi yake yanaweza kuguswa na kazi ya afisa huyo, Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ikakaza kamba hiyo hiyo, na mwaka 2025 Sheria ya Mgongano wa Maslahi ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Wiki nzima ya hoteli Las Vegas si kalenda na kalamu.

Mwaliko wenyewe si haramu. Makampuni hualika majeshi, na majeshi huenda. Tatizo ni jina lililoandikwa juu ya bahasha. Waambie wayaandikie makao makuu, Ulinzi House, waeleze mkutano ni upi, gharama ni kiasi gani na nani analipa, kisha waombe jeshi liteue afisa. Huenda ukateuliwa wewe, huenda akateuliwa mwingine. Kampuni isiyo na nia mbaya itaandika bila kinyongo, kwa sababu hata wao barua hiyo inawakinga. Wakianza kukwambia kwamba barua zinachelewesha mambo, na kwamba walikutaka wewe kama rafiki yao, kata mazungumzo hapo hapo umwarifu afisa usalama wa kikosi chako.

Sasa huyo rafiki wa likizo. Nina hakika hajawahi kujaza fomu ya viza ya Marekani. Fomu hiyo, DS-160, inakuuliza waziwazi kama umewahi kutumikia jeshi. Ukisema ndiyo, inataka nchi, tawi la jeshi, cheo, utaalamu na tarehe. Inauliza pia nani anagharamia safari, na akaunti za mitandao ya kijamii ulizotumia miaka mitano iliyopita. Ukijibu "hapana" umeidanganya serikali ya Marekani kwa maandishi, na udanganyifu wa viza unaweza kukufungia mlango wa nchi hiyo maisha. Ukijibu "ndiyo," basi Marekani inajua wewe ni kapteni, kampuni inajua, rafiki yako anajua. Asiyejua ni mkuu wa kikosi chako peke yake.

Hali hiyo ni mbaya kuliko inavyoonekana. Mtu anayejua kwamba umewaficha wakubwa wako amekushika pabaya hata kama hajakuomba kitu. Unakutana naye tena miezi sita baadaye, anakuuliza kwa upole kama ile safari ulishaieleza kazini, kisha anakuomba kijambo kidogo. Maafisa wengi walioharibikiwa hawakuanza kwa kuuza siri. Walianza kwa kuficha jambo la kawaida ambalo wangeliomba ruhusa wangelipewa. Nenda na kibali cha maandishi, ama usiende.

Kuhusu kufukuzwa au kuwindwa, hilo ni hadithi ya zamani iliyobaki midomoni. DEF CON ilianzishwa mwaka 1993 na Jeff Moss, na tangu siku za mwanzo watu wa serikali walikuwa wakijipenyeza humo. Wadukuzi wakalifanya jambo hilo mchezo: ukimtambua afisa wa serikali ukumbini unamtaja, anasimamishwa mbele ya watu, kisha nyote wawili mnapewa fulana, yako ikisema umemwona, yake ikikiri kwamba ni yeye. Watu walikuwa wakicheka. Mwaka 2012 Jenerali Keith Alexander, mkuu wakati huo wa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, alipanda jukwaani hapo akiwa na fulana na suruali ya jinzi kuwaomba wadukuzi wasaidiane na serikali. Mwaka uliofuata, baada ya Edward Snowden kumwaga siri za shirika hilo hilo, Moss aliwaomba watu wa serikali wakae mbali kwa mwaka huo. Uhusiano una pande mbili, kama wa mashemeji.

Siku hizi jeshi limo ndani kabisa. Mwaka 2023 Jeshi la Anga na Jeshi la Anga za Juu la Marekani walileta mashindano ya kudukua setilaiti halisi, Moonlighter, iliyokuwa ikizunguka dunia wakati huo huo, na timu ya Waitalia ikashinda. Kwa hiyo kapteni kutoka Kenya aliyekuja kujifunza hatamshangaza mtu. Kinachokera ni mtu anayejifanya. Ukijiita mshauri wa kompyuta na mwendo wako ni wa gwaride, mgongo umenyooka na viatu vinang'aa, watakutambua kabla ya chakula cha mchana, kisha watajiuliza unaficha nini.

Kuna mahali pamoja utapata baridi, na usikasirike. Ukifika kwenye banda la kampuni ya Kimarekani na kusema unatoka jeshi la kigeni, mhandisi anaweza kusita na kukwambia lazima aulize kwanza. Sheria za nchi yao za kudhibiti teknolojia za kijeshi humhesabu anayemweleza mgeni siri za kiufundi kuwa amezisafirisha nje, hata kama wote mmesimama Las Vegas. Yanayosemwa jukwaani mbele ya watu wote hayamo humo, nayo ndiyo mengi.

Haya, mulika mwizi. Anayekushauri ubebe simu hiyo ana nia njema, ila amekupa panga lenye makali upande wa mpini.

Simu inapotafuta mtandao hupiga hodi kwenye mnara unaosikika kwa nguvu. Katika 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha pili, ambao ndio wa mulika mwizi nyingi, mnara huiuliza laini yako, "Wewe nani?" na laini hujibu kwa siri iliyofungiwa ndani yake. Simu haiuulizi mnara chochote. Ni kama kambi ambayo mlinzi wa lango anakagua kila anayeingia, lakini hakuna anayemkagua mlinzi: mtu yeyote akivaa magwanda na kusimama pale atakusanya vitambulisho vya watu siku nzima. Mwaka 2010, hapo hapo DEF CON, mtafiti mmoja alisimamisha mnara bandia wa 2G kwa vifaa vya takriban dola 1,500, na simu za waliokuwa ukumbini zikajiunga nao zenyewe. Kuanzia 3G, simu nayo hudai mnara ujithibitishe. Ndiyo maana simu ya kisasa iliyozimwa 2G ni salama kuliko kale kasimu ka tochi.

Tena kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 2G tangu Januari 2017, na uliobaki Marekani ni haba. Mulika mwizi yako ikishika mnara kwa nguvu mlangoni mwa ukumbi wa wadukuzi, jiulize ni mnara wa nani.

Hofu ya kudukuliwa uwanja wa ndege nayo ipunguze. Njia ya siri ya kuivunja simu iliyosasishwa bila mwenyewe kubonyeza chochote ni mali ghali. Mwaka 2019 mnunuzi mmoja wa njia hizo alitangaza hadharani kutoa hadi dola milioni 2.5. Mwenye kitu cha bei hiyo hakichomi kwa kila aliyepanga foleni ya kahawa. Wanaonaswa ni wavivu. DEF CON kuna ubao maarufu, Ubao wa Kondoo, unaoonyesha majina na vipande vya nywila za watu waliotumia mtandao wa ukumbini bila usimbaji, yaani bila kuyafunga maneno yao yasisomwe njiani. Nilipoutazama mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaingia chooni kukagua simu yangu.

Kwa hiyo beba simu ya kawaida ambayo haijawahi kuingia kambini. Isiwe simu yako ya kila siku iliyofutwa haraka haraka usiku wa safari. Isasishe, zima 2G (simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zina kitufe hicho kwenye mipangilio, iPhone huzima 2G ukiwasha ile hali ya ulinzi mkali, Lockdown Mode), zima Bluetooth, tumia data ya laini badala ya waifai ya ukumbi. Laini yako ya M-Pesa iache nyumbani. Toa hela za safari mapema, na DEF CON wanapokea pesa taslimu mlangoni bila hata kukuuliza jina. Laptopu usibebe, daftari linatosha. Fanya hivi hata kama wadukuzi hawakutishi, kwa sababu maafisa wa mpakani Marekani wana mamlaka ya kukagua simu ya mgeni anayeingia. Kundi la WhatsApp la kikosi chako halina kazi pale.

Saa ya mazoezi nayo iache. Mwishoni mwa 2017 programu ya Strava ilichapisha ramani ya mapito ya wakimbiaji wa dunia nzima, na Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha kwamba katika majangwa ya Syria na Afghanistan, ambako hakuna wenyeji wanaokimbia na saa za bei, mistari ile ilichora kambi za wanajeshi wa kigeni, uzio na njia za doria. Hakuna aliyedukuliwa. Askari walikuwa wakikimbia asubuhi tu.

Sasa tufike ninapotaka ukae zaidi, na hukupauliza: ulimi wako.

Wewe ni fundi, umekaa miaka kumi na mmoja mahali ambapo huwezi kumweleza hata mke wako kazi yako ikoje. Halafu unaingia kwenye ukumbi wa maelfu ya watu wanaoielewa kazi hiyo kuliko mtu yeyote uliyewahi kukaa naye, na wanataka kukusikia. Hakuna kiu kama hiyo. Mtu anayejua kuchota maneno hahitaji kukuuliza swali. Atasema jambo la uongo, kwa makusudi, mbele yako: "Nimesikia kule Somalia nyinyi mlikuwa mnategemea redio za zamani tu, setilaiti hamkuwa nayo." Utamsahihisha. Fundi hawezi kuvumilia kosa la kiufundi, linamwasha kama upupu. Mwingine atalalamika kwanza yeye, kwamba wakubwa wake hawasasishi mitambo, paswadi zao ni aibu, na wewe kwa adabu ya mazungumzo utatoa lako lilinganelingane na lake. Mwingine atakusifu tu na kunyamaza, na ule ukimya utaujaza wewe.

Yalinikuta. Miaka mingi nyuma, kwenye mkutano Ulaya, nilikaa mezani na mzee mchangamfu aliyekuwa akieleza vibaya namna mawimbi yanavyopotea milimani. Nilichukua kitambaa cha mezani nikamchorea. Niliporudi chumbani ndipo nilipogundua kwamba mchoro wangu ulikuwa na vituo vitatu vya kweli, na kitambaa nilikiacha mezani. Pengine alikuwa mwalimu wa fizikia tu. Sijui mpaka leo, na nililazimika kuyaandika yote kwenye ripoti huku masikio yakiniwaka.

Wengi watakaokuuliza si majasusi; ni wauzaji, waandishi wa habari, watafiti, na watu wapweke. Lakini neno likishatoka halichagui linapofikia. Jibu moja halina maana. Cheo chako, mwaka uliokuwa nje ya nchi na aina ya kifaa ulichokilalamikia, vikiwekwa pamoja na majibu ya mwenzako aliyekwenda mkutano mwingine, vinatoa picha. Kwamba Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 dunia nzima inajua. Kwamba wewe ulikuwa wapi, lini na kwa kifaa gani, hilo ndilo linalolindwa na Sheria ya Siri za Serikali, na sheria hiyo haiulizi kama ulisema kwa nia njema.

Andaa jibu lako nyumbani, uliseme kwa sauti mpaka lilainike: "Niko jeshi la Kenya, upande wa mawasiliano. Nimekuja kujifunza. Wewe kazi yako ni ipi?" Ukishauliza hivyo, msikilize kweli, watu wanapenda kuulizwa kuliko kujibiwa. Akirudi kwenye lako, sema "hilo silizungumzii" huku ukitabasamu. Pale hilo si tusi, nusu ya ukumbi wana mikataba ya siri. Karamu za makampuni usiku zina vinywaji vya bure. Nenda ya kwanza, kaa saa moja, ukalale.

Vitu vya kugawiwa: fulana chukua, flashi usichukue. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa usalama wa AusCERT huko Australia, kampuni kubwa ya kompyuta iliwagawia washiriki flashi zilizokuwa na virusi, kisha ikawaandikia kuwaomba radhi. Wenyewe hawakujua. Na mwaka 2008 flashi moja iliyochomekwa kwenye kompyuta ya kijeshi Mashariki ya Kati iliingiza virusi kwenye mitandao ya jeshi la Marekani mpaka flashi zikapigwa marufuku kwa muda. Vile vidude vya redio na vya kunasa mawimbi vinavyouzwa mabandani vinavutia, nakubali. Lakini vifaa vya redio huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano kuingia nchini, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ina vifungu juu ya vifaa vya udukuzi. Ukikihitaji kazini, jeshi likinunue.

Beji ya Black Hat ina jina na mahali unapotoka, na kila banda litakalosoma beji yako kwa mashine linachukua anwani yako. Jisajili kwa barua pepe mpya ya safari hiyo tu. Ukirudi, maombi ya urafiki yataanza kumiminika LinkedIn, warembo na wakurugenzi. Mwaka 2021 idara ya ujasusi ya Uingereza, MI5, ilisema Waingereza wasiopungua 10,000 walikuwa wamefuatwa na akaunti bandia kwenye mitandao ya kikazi katika miaka mitano. Mtu anayekupa kazi ya kuandika "maoni mafupi" juu ya majeshi ya Afrika Mashariki kwa dola mia tano hajaipenda insha yako.

Je, safari yenyewe inafaa? Nitasema wazi: jeshi likilipa, ndiyo, lakini ningechagua DEF CON na kuiacha Black Hat. Black Hat kiingilio cha mihadhara ni zaidi ya dola 2,000, na karibu kila mhadhara baadaye unaonekana bure mtandaoni. DEF CON ni mamia ya dola, na faida yake iko kwenye vile vijiji, vyumba vya redio, setilaiti, kufuli, ambako unakaa mezani na kushika kitu kwa mkono. Hiyo video haikupi. Kibali kisipotoka mwaka huu, AfricaHackon na BSides ziko Nairobi, kwa nauli ya matatu. Utakutana na vijana wanaoijua mitandao yetu, ambayo Las Vegas hawaijui. Tahadhari za ulimi ni zile zile huko, pengine zaidi, maana huko kuna watu mnaofahamiana.

Mimi nakujibu kwa maandishi, nami sijui unashughulikia nini kazini. Kuna maafisa ambao kwa nafasi zao ningewaambia wasiende kabisa. Kwa hiyo kabla hujawajibu kampuni, kaa ana kwa ana na afisa usalama wa kikosi, na umwone afisa wa sheria kuhusu hilo la malipo. Hata kama umeshakubali kwa mdomo, waone. Ni rahisi kurekebisha sasa kuliko baada ya tiketi kukatwa. Ukiwa huko, mtu akikufuata mara ya pili kwa maswali yale yale, akikupa pesa, au simu yako ikipotea hata kwa saa moja na kurudi, usisubiri kufika nyumbani: mpigie mwambata wa ulinzi kwenye ubalozi wetu Washington. Omba namba yake kabla hujaondoka, uiandike kwenye karatasi. Ukirudi, toa ripoti wiki hiyo hiyo, na yale ya aibu uyaanze.

Barua kwa mkuu wa kikosi iandike mapema, kwa sababu miadi ya viza Gigiri inaweza kuchukua miezi. Na ubebe sweta. Nje Agosti ni digrii 40, lakini ndani ya kumbi wanapiga baridi ya Limuru ya mwezi wa saba.